Nani Ameshika Ufunguo?

Sikilizeni, vijana wangu. Hapa Bukavu kuna masanduku ya chuma ambayo mtu mmoja hawezi kuyafungua peke yake. Kila sanduku lina kufuli tatu. Funguo zake zinalala katika nyumba tatu, na sanduku lenyewe linalala katika nyumba ya nne. Hata mama prezida wa kundi, akiamka usiku wa manane na shida ya kweli, hawezi kuchukua humo hata franga moja. Atangoja siku ya kikao.

Hayo ni masanduku ya AVEC, yale makundi ya kuweka na kukopeshana ambayo wengi wenu mnayajua kwa sababu mama zenu wamo. Muuza sambaza wa soko la Kadutu, muuza unga wa Nyawera, mshonaji wa Panzi: wanakusanyika watu kati ya 10 na 25, wanakutana kwa siku waliyoipanga, na kila mmoja ananunua hisa kuanzia moja mpaka tano. Hisa zinapigwa mhuri katika kitabu chake kidogo. Mzunguko ukiisha, karibu mwaka mmoja, wanagawana akiba pamoja na faida ya mikopo. Mtindo huu ulianza mwaka 1991 nchini Niger, kwa akina mama wa eneo la Maradi walioungwa mkono na shirika la CARE, kisha ukaenea Afrika mpaka ukafika kwetu Kivu.

Tazameni wanavyogawana kazi, maana ndani ya kundi hilo dogo mna karibu kila kitu mtakachokikuta katika mashirika makubwa. Wenye mali ni wanachama wote, na kikao chao ndicho mkutano mkuu. Wao wanachagua komite ya watu watano: prezida, sekreteri, mtunza sanduku na wahesabu pesa wawili. Washika funguo hawatoki katika komite. Ni wanachama wa kawaida. Pesa zinahesabiwa mbele ya macho ya wote. Kabla ya kuachana, salio linatangazwa kwa sauti na kila mtu analishika kichwani. Kikao kinachofuata, kabla ya kuhesabu, wanaulizwa: tuliacha kiasi gani? Siku hiyo hata mama asiyejua kusoma ni mkaguzi wa hesabu. Na mzunguko mpya ukianza, komite inapigiwa kura upya.

Je, akina mama hawa wanamshuku mtunza sanduku? Hapana. Walimchagua kwa kuwa wanamwamini. Lakini wanajua kwamba iko siku mtoto wake ataugua na mfukoni hamna kitu, na siku hiyo wanataka aweze kujibu kweli tupu: "Funguo sina." Utaratibu mzuri humlinda mtu mwaminifu na aibu ambayo hakuitafuta.

Shikeni jambo hili, ndilo nitakalolifuata mpaka mwisho wa maelezo yangu. Baraza la uongozi, liwe la ushirika, la shule, la hospitali au la kampuni, lipo ili anayetumia mali ya wengi asiwe yeye huyo huyo anayejiruhusu na anayejikagua. Nani mwenye mali, nani mwenye kuamua, nani mwenye kutenda, nani mwenye kukagua: ukijua majibu ya maswali hayo manne, umeijua nyumba nzima.

Wanachama wanapokuwa maelfu

Twendeni Minova, katika teritwari ya Kalehe, kando ya Ziwa Kivu. Milima ya huko inaotesha kahawa ya arabika. Katika miaka ya vita wakulima walikosa mnunuzi wa haki, wakawa wanapakia kahawa katika mitumbwi usiku na kuvuka ziwa kwenda Rwanda kuiuza kwa bei yoyote. Wengi walizama. Mwaka 2003 ukaanzishwa pale ushirika wa SOPACDI, na sasa una maelfu ya wakulima wa jamii mbalimbali wanaouza kahawa yao pamoja mpaka Ulaya na Marekani.

Watu maelfu hawawezi kuketi pamoja kila juma kuzungumzia bei ya magunia. Hapo ndipo baraza la uongozi linapozaliwa. Sheria ya ushirika tunayoifuata ni ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika uliounganisha sheria za biashara, na Kongo imo tangu mwaka 2012. Sheria hiyo inasema kwamba ushirika wa aina kubwa, ule unaotakiwa kuwa na wanachama wasiopungua 15, uwe na baraza la uongozi la watu 3 mpaka 12 wanaochaguliwa na wanachama. Kando yake kunakuwa na baraza jingine dogo, la watu 3 mpaka 5, ambalo kazi yake ni kufungua vitabu vya lile la kwanza na kuwaambia wanachama lilichokiona.

Tuseme ushirika wa namna hiyo unataka mashine mpya ya kukoboa kahawa. Mkurugenzi, ambaye ni mwajiriwa, anatafuta bei na kuandika mpango. Baraza linauliza: pesa zitatoka wapi, mkopo utalipwa na nini, msimu ukiharibika itakuwaje? Likiridhika linaidhinisha, na mkurugenzi ananunua. Mwisho wa mwaka baraza linasimama mbele ya mkutano mkuu na kutoa hesabu. Wanachama wasiporidhika, wanawaondoa wajumbe na kuweka wengine.

Mpaka kati ya kuamua na kutenda huvukwa mara nyingi, na kuvukwa kwake huleta ugomvi. Mjumbe wa baraza akianza kuwapangia zamu walinzi wa lango, ameacha kazi yake na kuingilia ya mkurugenzi. Mkurugenzi naye akikopa benki bila baraza kujua, amejitwalia mamlaka ambayo wakulima hawakumpa.

Tena katika ushirika kila mwanachama ana kura moja. Mwenye miti 200 ya kahawa na mwenye miti 5,000 wakisimama kupiga kura, uzito wao ni mmoja. Ndiyo tofauti kubwa kati ya ushirika na kampuni.

Kura zinazofuata hisa

Katika kampuni ya hisa, kura hufuata fedha. Aliyeweka nyingi ana sauti kubwa katika kuchagua baraza, kwa hoja kwamba kampuni ikianguka ndiye atakayepoteza zaidi. Baraza linamchagua mkurugenzi mkuu, na mkaguzi wa hesabu kutoka nje anapitia vitabu kila mwaka.

Tuna mfano hapa hapa mjini. Mto Ruzizi unatoka katika ziwa letu na kuteremka kwenda Tanganyika, na katika sehemu yake ya juu ni mpaka wa Kongo na Rwanda. Mwaka 1989 kituo cha umeme cha Ruzizi ya Pili kilianza kazi. Kampuni inayokiendesha, SINELAC, ina makao yake Bukavu, na wenye hisa ni serikali tatu: Burundi, Kongo na Rwanda. Nchi hizo zimepitia vita na kutazamana kwa hasira, lakini mto ni mmoja na mitambo ni ile ile. Kampuni ya namna hiyo inadai wenye mali watatu wakae meza moja hata katika miaka ambayo hawataki kusalimiana.

Kisha kuna mashirika ya dola yenyewe, kama REGIDESO ya maji na SNEL ya umeme. Wajumbe wa mabaraza yao huteuliwa na Rais wa Jamhuri, kwa kuwa mwenye hisa ni dola. Na dola ni nani? Ni wewe unayepanda mlima wa Kadutu na bido la maji kichwani kwa sababu bomba limekauka. Wewe ni mwenye mali ambaye hana kiti wala kura katika chumba kile. Kwa hiyo sauti yako inapita njia ndefu: mbunge wako, mwandishi wa habari wa redio, vyama vya raia. Njia hiyo ni ndefu na inachosha, lakini raia akiacha kuipita, baraza linasahau linamwakilisha nani.

Shule, hospitali na mali isiyo na mwenyewe

Sasa njooni shuleni kwenu. Shule nyingi za Bukavu zina wakubwa wawili. Tarehe 26 Februari 1977 serikali na makanisa walitia sahihi mapatano: dola inaweka programu ya masomo na kulipa walimu, kanisa linasimamia shule kila siku. Chini ya wakubwa hao kuna mabaraza mawili ambayo huenda mmeyasikia yakitajwa kwa vifupisho bila mtu kuwaeleza.

La kwanza ni COPA, komite ya wazazi. Inachaguliwa na wazazi na kusema kwa niaba yao. La pili ni COGES, baraza la usimamizi wa shule, ambamo wanakaa bwana prefe au direkta, wawakilishi wa walimu, wawakilishi wa wazazi, na katika shule nyingi mwakilishi wa wanafunzi pia. Humo ndimo inapojadiliwa pesa ya shule: madawati mangapi, choo kipi kitengenezwe, chaki zimeisha lini. Kwa miaka mingi wazazi walilipa mpaka primi ya kuongezea mishahara ya walimu, na viwango vyake vilipita katika vikao vya namna hii. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba shule ya msingi ya dola ni ya bure, kama Katiba inavyosema katika ibara ya 43. Hata hivyo kazi ya komite haikuisha. Pesa ikija kutoka Kinshasa au ikitoka mfukoni mwa baba, swali ni lile lile: ilifika kiasi gani, ilifanya nini?

Hospitali nayo ina namna yake. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, ilizaliwa chini ya kanisa la CEPAC. Nyumba kama hiyo haina mwenye hisa anayegawana faida. Vivyo hivyo mashirika yasiyo ya faida, yale yaitwayo ASBL, yanayoongozwa na sheria ya tarehe 20 Julai 2001. Hakuna mwanachama anayeweza kuyauza na kutia pesa mfukoni. Ndiyo maana dhamiri ya wajumbe wa mabaraza yao inajaribiwa kuliko ya wengine. Katika kampuni, mwenye hisa akiibiwa atapiga kelele kesho yake. Katika shirika la kusaidia yatima, yatima hajui hata kwamba kuna kikao. Mjumbe anapoinua mkono kupitisha bajeti, anauinua kwa ajili ya mtoto ambaye hayumo chumbani.

Mabaraza ya kusikilizwa

Mpaka hapa nimesema juu ya mabaraza yenye amri. Yako mengine yasiyo na amri, nayo ni mengi. Hayo ni mabaraza ya ushauri. Yanaulizwa, yanasema, halafu mwingine ndiye anayeamua.

Babu zetu waliyajua. Mwami wa Bushi, awe wa Kabare au wa Ngweshe, hakutawala bila wazee wa kumshauri. Na bajinji, walinzi wa mila, ndio waliokuwa na kazi ya kumsimika. Mwami aliweza kuupita ushauri, lakini aliyeupita mara nyingi alijikuta peke yake siku ya shida. Mwaka 1998, jirani zetu wa Kivu ya Kaskazini waliunda baraza la wazee wa jamii zao mbalimbali ili kuzima magomvi ya makabila kabla hayajawaka. Wazee hao hawakuwa na askari wala mahakama. Nguvu yao ilikuwa kwamba kila mmoja alisikilizwa nyumbani kwake.

Katika afya tunayo CODESA, komite ya wakaaji wa eneo la kituo cha afya. Watu wake hawamwambii muuguzi atoe dawa gani. Wanamwambia kwa nini akina mama wa avenyu fulani hawaji kujifungulia kituoni, au kwamba bei mpya imewafukuza wagonjwa. Muuguzi ana ujuzi wa dawa, wao wana ujuzi wa mtaa. Na hapa Bukavu watoto pia wamekuwa na bunge lao, ambamo vijana wa umri wenu husimama mbele ya wakubwa na kusema juu ya shule, juu ya kazi za migodini, juu ya wenzao wanaolala barabarani. Bunge hilo halitungi sheria, lakini kiongozi aliyelisikia hawezi tena kusema hakujua.

Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Nami naongeza: neno huharibika pale wanaoguswa nalo wanapofungiwa nje, hata wazee wakiwa mia. Mfano tunao upande wa magharibi wa mji wetu, kwenye milima ya Kahuzi na Biega. Mwaka 1970 dola ilianzisha mbuga ya kuwalinda sokwe, ikaipanua mwaka 1975, na mwaka 1980 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Kuwalinda sokwe ni kazi njema. Lakini Batwa, walioishi katika msitu ule tangu mababu, waliondolewa, na katika vikao vilivyoamua hivyo hawakuwa na kiti wala hawakuulizwa. Uchungu wa jambo hilo umezaa ugomvi na vifo mpaka miaka yetu hii. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu: haki zao zilivunjwa. Zaidi ya nusu karne ilipita tangu mbuga ianzishwe, ndipo watu hao wakaambiwa kwamba walistahili kuulizwa.

Magonjwa ya mabaraza

Nisiwafiche: mabaraza huugua. Nitawatajia magonjwa manne, ili mkiyaona myatambue.

La kwanza ni kiti kisichoachwa. Prezida anachaguliwa kwa miaka mitatu, anakaa kumi na tano, na kila uchaguzi unaahirishwa kwa sababu mpya. Dawa yake ni kuandika ukomo wa muhula katika kanuni, na kuuheshimu hata prezida akiwa mtu mzuri sana.

La pili ni baraza la ukoo. Prezida, mkewe, shemeji yake na dereva wake wamekaa meza moja wakijiita baraza. Nani kati yao atamkatalia mwenzake mbele ya watu?

La tatu ni baraza la kuinua mikono. Wajumbe wanafika, wanakunywa soda, wanapokea posho, wanatia sahihi karatasi ambazo hawakuzisoma. Dawa yake ni karatasi kufika siku kadhaa kabla ya kikao, na mwenyekiti kumwuliza kila mjumbe kwa jina: wewe unaonaje?

La nne ni mkono unaojilipa. Mjumbe ana duka la saruji, na baraza linataka kununua saruji. Hapo njia ni moja: anasema wazi kwamba jambo linamgusa, anatoka nje wenzake wajadili na kuamua, na kutoka kwake kunaandikwa katika muhtasari.

Muhtasari wenyewe ni tiba ya yote manne. Baraza lisiloandika lilichoamua halikuamua kitu, maana mwezi ujao kila mtu atakumbuka lake. Andikeni tarehe, waliokuwepo, kama akidi ilitimia, kilichoamuliwa, aliyepewa kazi, na siku atakapoleta jibu. Karatasi moja inatosha.

Kazi inayowangoja

Msidhani haya yote ni ya wenye mvi. Katika shule zenu mnachagua komite ya wanafunzi. Wengi wenu huwapigia kura wenye maneno matamu au viatu vizuri, kisha mnawasahau mpaka mwaka mwingine. Mwaka huu fanyeni tofauti. Kabla ya kumchagua mtu, mwulizeni atatuletea habari za vikao kwa njia gani na kila baada ya muda gani. Mkiisha kumchagua, mdaini habari hizo. Mkiunda timu ya mpira au kikundi cha kuokota taka za plastiki kando ya ziwa, hata mkiwa saba tu, mpeni mmoja pesa, mwingine daftari, na wa tatu kazi ya kulinganisha viwili hivyo kila mwezi.

Na ukipata kiti katika baraza, dogo au kubwa, jifunze kusema hapana bila matusi. Neno hilo ndilo kipimo. Baraza ambalo kwa miaka mingi halijawahi kumkatalia mkubwa jambo hata moja limebaki jina tu. Lakini hapana yako iwe na sababu na iwe na pendekezo, ili aliyekataliwa apate njia ya kupita. Kisha, kabla ya kura, uliza kila mara swali ambalo halikuulizwa juu ya msitu wa Kahuzi: uamuzi huu utamwangukia nani, na je, yumo humu ndani? Kama hayumo, simama useme asubiriwe mpaka aje.